Kofia Iliyobaki Msumarini

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 20 Agosti 2024. Siku hiyo Husnah, mjane, mpishi katika mkahawa mmoja wa Kabalagala, alipanda feri ya kwenda visiwa vya Ssese peke yake, siku mbili kabla ya safari aliyokuwa ameipanga na rafiki yake tangu mvua za Aprili. Hakuaga mtu. Jumatano asubuhi simu yake ilikuwa imezimwa, na rafiki yake, Vera Nakhisa, Mkenya aliyehudumia meza katika mkahawa uleule, alikuwa ameketi mbele ya Sebit akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Ofisi ya Sebit ilikuwa kiti cha plastiki ndani ya duka la kuchapisha pale Wandegeya, katikati ya wanafunzi wanaogombania mashine. Alikuwa amefanya kazi ya polisi mpaka mvi zikamtoka, akaondoka na cheo kilekile alichoingia nacho, maana vyeo vilikuwa vya watoto wa wenye vyeo. Sasa aliwatafutia watu wao waliopotea.

"Kituoni umekwenda?" aliuliza.

"Nimeenda, mzee. Wakaniambia mtu mzima aliyekwenda likizo hajapotea, yuko likizo. Nirudi wiki ijayo."

"Maskini akipotea hupewa muda apotee vizuri." Sebit alikoroga chai yake. "Lakini nao wana hoja. Amekwenda kisiwani mlikopanga. Wewe unaogopa nini?"

"Jana jioni nilimpigia mwenye nyumba ya wageni. Nikamuuliza kama kuna msichana amefika. Akasema, 'Usijali, dada, amefika salama, chumba chake na mumewe kiko tayari.'" Vera alimeza mate. "Mzee, Husnah hana mume. Mumewe alizikwa mwaka jana."

"Husnah yupi huyu?"

"Wa marehemu Wahabi. Wanubi wa Mengo."

Kijiko kilisimama ndani ya kikombe. Sebit alikuwa Mnubi, na sanduku la Wahabi alilibeba yeye mwenyewe begani, yeye na wengine, kwenye makaburi ya Bombo. Kijana alikwenda Uarabuni kulinda ghala la watu, akarudishwa ndani ya mbao. Alikuwa mcheshi. Ndiye aliyekuwa akimwita Sebit "Kamanda", kumtania kwa ukonstebo wake, na hakuna mwingine aliyethubutu.

"Nipe mpango wenu wa likizo," Sebit alisema. "Wote, kama mlivyoupanga."

"Mpango utakusaidia nini?"

"Mtu akivunja mpango huacha alama pale alipouvunjia. Sema."

Vera akavuta pumzi. "Wiki moja. Siku ya kwanza kufika na kulala. Ya pili kukaa ufukweni tu, asitokee mtu wa kutuuliza chakula kiko wapi. Husnah alisema anataka siku moja ya maisha yake asiguse sufuria. Halafu tukodi baiskeli, tupite kwenye mashamba ya michikichi. Halafu kuvuka kwenda kisiwa kidogo kuona tumbili. Tukagombana kuhusu kuogelea. Mimi nilinunua nguo ya kuogelea, yeye akasema ataingia majini na dera lake zima, samaki wadhani ni hema." Akacheka kidogo, kisha cheko likamfia mdomoni.

"Nani alichagua Ssese?"

"Mimi nilitaka Zanzibar. Akasema ndege hapana. Ndege ndiyo iliyomletea sanduku."

"Na chumba?"

"Vitanda viwili, dirisha litazame maji. Nilizungumza na mwenye nyumba mimi mwenyewe."

"Sasa ni chumba cha mke na mume." Sebit akasimama. "Kuna mwanamume aliyekuwa akimfuata?"

"Odero, fundi wa simu, jirani yetu Kabalagala. Alikuwa amemganda kama kupe. Aki, kama ni yeye..."

"Tuanze na chumba chake. Ufunguo unao?"

Vera alikuwa nao.

Chumba cha Husnah kilikuwa nyuma ya mstari wa mabaa, mahali ambapo mchana hunuka bia ya jana. Kufuli ilikuwa imefungwa. Vera akaifungua, lakini Sebit hakuingia mara moja. Alisimama kizingitini, mikono mgongoni, kama alivyofundishwa, akakiacha chumba kijieleze.

Kwenye msumari nyuma ya mlango ilining'inia kofia pana ya ukindu. Chini yake palikuwa na mfuko: mafuta ya kuzuia jua, miwani myeusi, boya la kuogelea bado limo kwenye nailoni yake.

"Hivi ndivyo vitu vya kisiwani?"

"Vyote. Kofia tulinunua mbili, za kufanana." Sauti ya Vera ilishuka. "Ameacha kila kitu."

"Kimekosekana nini?"

Vera alizunguka, akafungua sanduku la nguo. "Gurbaba nyekundu. Ile nguo yenu ya kujifunga, aliyovaa siku ya harusi yake. Manukato. Na chetezo cha udongo."

Kwenye dirisha palikuwa na bakuli lenye masalio ya hina. Sebit akayakwaruza kwa ukucha.

"Alijipaka Jumapili," Vera alisema. "Mikono na nyayo. Nikamwambia utapendeza kwenye mchanga. Nilidhani ni urembo wa likizo."

"Na moshi? Alinuka moshi?"

"Jumatatu kazini, ndiyo. Moshi mtamu. Tukamtania ameungua."

Sebit aliinamia kitanda. Harufu ile ilikuwa bado kwenye shuka, na aliijua. Marehemu mkewe, Mubaraka, alikuwa nayo kila Sebit aliporudi kutoka zamu za mbali, mpaka mwaka ule alipokata roho kwenye benchi la hospitali, ufunguo wa stoo ya oksijeni ukiwa mfukoni mwa mkubwa aliyekwenda semina. Mnubi mwenye mume huketi juu ya moshi wa mgunga na kupaka nyayo hina. Mjane hafanyi hivyo. Mwanamke anayekwenda kuogelea ziwani ndiyo kabisa.

"Mzee," Vera alisema kwa sauti ndogo. "Picha."

Ukutani palikuwa na mraba mweupe, rangi isiyoguswa na moshi wa jiko.

"Picha ya Wahabi. Jana usiku nilichungulia dirishani na tochi, nione kama kweli ameondoka; kuingia peke yangu niliogopa. Ilikuwa hapo."

"Jana usiku Husnah alikuwa tayari kisiwani."

"Ndiyo."

Wote wawili walitazama mlango. Sebit akachuchumaa. Kufuli ilikuwa nzima, lakini bawaba ilikuwa na skrubu mpya, zinang'aa, na unga wa mbao ulikuwa sakafuni. Mtu alikuwa amefungua mlango upande wa pili, akaingia, akachukua uso wa marehemu, akaurudisha mlango taratibu kama seremala anayelipwa. Hakugusa redio wala televisheni.

"Usilale kwako leo," Sebit alimwambia Vera.

Odero alikuwa kwenye kibanda chake cha simu, bisibisi mdomoni. Alipomwona Vera akaitoa.

"Mmekuja kunishika? Shemeji, si ungeniambia nivae shati safi."

"Jana ulikuwa wapi?" Sebit aliuliza.

"Hapahapa. Waulize wale wa rolex pale, chapati zao za mayai nimekula mara mbili, nadaiwa salamu tu." Alimtazama Sebit vizuri, akaacha mzaha. "Kuna nini? Husnah ana shida?"

"Ulitaka kwenda naye kisiwani."

"Nilitaka kwenda naye hata sokoni, mzee. Nikamwambia, ninyi wanawake wawili, nani atawabebea mabegi? Akanijibu, 'Odero, mimi nina mtu.' Hivyo. Mwezi huu huu. Nikasema sawa, nikarudi kwenye bisibisi yangu."

"Mtu gani?"

Odero akatazama barabarani kabla ya kujibu. "Aliniletea simu nimtengenezee spika. Kuna sauti anatumiwa, haisikiki vizuri. Nikaifungua, nikaijaribu. Ilikuwa ya mwanamume. Lugha yenu ile ya Kinubi, sikuelewa, nilisikia jina la Husnah tu na kicheko. Nikamtazama Husnah ili nimtanie." Aliiweka bisibisi mezani. "Alikuwa analia, mzee. Lakini analia kama mtu aliyepewa zawadi."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Sikumjua mumewe. Na siku hizi hata sauti inatengenezwa, uwe mwangalifu. Ukiwa na sauti ya mtu kidogo tu, wajuzi wanampa maneno ambayo hajawahi kusema. Hata maiti."

Vera alijishika mikono. Sebit alimshukuru Odero, akamwondoa kwenye orodha ya washukiwa aliyokuwa nayo kichwani. Mtu mwenye hila asingekubali kuwa alikataliwa.

Nyumbani kwao marehemu Wahabi kulikuwa Mengo, chini ya ukuta wa kasri la Lubiri. Nyanya yake Wahabi, Habuba Maimunah, alikuwa barazani anasuka kawa, nyuzi za rangi zikiwa miguuni mwake. Hakuinua macho.

"Karibu, Sebit. Umezeeka vibaya. Na huyu binti?"

"Rafiki wa Husnah, Habuba."

"Ndiyo wewe wa kofia." Akatabasamu kidogo. "Alinionyesha. Nikamwambia atafanana na uyoga. Kaeni. Nyie ni wa pili leo."

Sebit alibaki amesimama. "Wa kwanza alikuwa nani?"

"Kijana mwenye adabu. Viatu safi. Alisema anatoka kampuni iliyompeleka Wahabi kazini, wanatengeneza kumbukumbu ya mashujaa. Akaomba picha zote za mjukuu wangu. Zote, hata za utotoni. Nikampa. Wakubwa wakiomba tutafanya nini?"

"Hata moja hukubakiza?"

"Hata moja." Vidole vyake vilisimama kwenye kawa. "Nimefanya vibaya?"

Sebit alichuchumaa karibu naye. "Habuba, Jumapili Husnah alikuja hapa kukaa moshi."

Bibi kizee alichagua uzi mwingine. Kule chini watoto wa shule walipita wakiimba namba.

"Alikuja," alisema mwishowe. "Shimo letu la moshi halijawashwa tangu msiba. Nikamwambia, binti, mjane haketi hapo. Moshi huu ni wa nani? Una mchumba? Basi njoo na wazee wake, eda imekwisha, hakuna dhambi, sema tu. Akanibusu mkono. Akasema, 'Habuba, si mchumba. Washa.' Nikawasha."

"Hukumuuliza tena?"

"Niliogopa jibu." Alivuta uzi, ukakatika. "Alipofunikwa blanketi, moshi unapanda, aliniuliza swali moja. Aliniuliza, 'Wahabi alioshwa na nani?'"

Sebit akajiketisha sakafuni.

"Nikamwambia sijui, wanawake hatukwenda kaburini. Wewe ulikwenda, Sebit. Ulikuwa mbele kabisa. Basi nijibu mimi, maana yeye sikumjibu. Nani alimwosha mtoto wangu?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Sanduku lilikuja na skrubu pande zote. Mtu wa kampuni alikuwa na karatasi yenye mihuri. Polisi walikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo. Walisema amri: halifunguliwi, ni ugonjwa, ni sheria. Imamu akauliza maiti ataoshwaje. Wakasema ameoshwa kulekule."

"Na ninyi wanaume wote mkakubali."

Sebit alitazama chini. Babu zao waliletwa nchi hii wakiwa askari, na damu ile haijaisha mwilini. Mnubi ukimwonyesha muhuri na sauti ya juu, magoti yake hunyooka yenyewe. Walisimama mstari, wakaswali juu ya mbao zilizofungwa, wakafukia walichopewa. Taifa jingine lolote lingetafuta bisibisi. Wao walipiga saluti.

"Tulikubali, Habuba."

Maimunah akaiweka kawa pembeni, polepole. "Uso wake hamkuuona."

"Hatukuuona."

"Na leo wamekuja kuchukua picha za uso huo."

Vera alikuwa amesimama karibu na mlango, kiganja mdomoni. Sebit alitoa simu. "Nipe namba ya mwenye nyumba ya wageni."

Mwenye nyumba aliitwa Obita, mwanajeshi wa zamani kutoka kaskazini, na upepo wa ziwa ulikuwa ukimnyang'anya maneno. Sebit aliiweka simu wazi wasikie wote.

"Afande," Obita alisema, "huyo mama hayuko hapa. Ametoka alfajiri."

"Ametoka vipi? Na nani?"

"Boti ilikuja, ya injini. Si boti ya hapa, wavuvi wangu hawaijui. Mwanamume mmoja ndani. Hakushuka. Amejifunga kitambaa usoni, macho tu nje, kama mtu aliyeungua au anayejificha."

"Alilazimishwa?"

"Hapana. Hilo ndilo linanisumbua. Aliingia majini na nguo nyekundu mpaka kiunoni, anacheka, mikono juu. Mimi nikajua ni mambo ya mke na mume, nikageuka. Begi lake liko hapa. Chakula nilichompikia kiko hapa."

"Chumba kilibadilishwa lini?"

"Jumatatu. Mwanamume alipiga. Akasema mimi ni mume wake, tutatangulia siku mbili, kitanda kimoja. Akauliza kama polisi wana boti hapa Kalangala. Nikamwambia wanayo, haina mafuta. Akacheka."

"Boti ilielekea wapi?"

"Afande, hapa kuna visiwa themanini na vinne. Vingine havina hata mtu." Obita akashusha sauti. "Lakini ngoja. Baadaye asubuhi wakaja watu wengine, watatu, kwa boti kubwa. Viatu safi. Wakauliza habari za huyohuyo mama. Niliwaonyesha upande. Wana kitambulisho cha serikali, nifanye nini?"

Sebit alifunga macho. Tangu asubuhi alichokitafuta kilikuwa mtu mmoja. Sasa kulikuwa na mwanamke katikati ya maji, mbele yake uso uliofunikwa, nyuma yake watu wenye vitambulisho, na njia yote ya kumfikia ilikuwa imeshaelekezwa na watu wema wanaotii. Bibi ametoa picha. Obita amenyoosha kidole. Yeye mwenyewe alibeba sanduku.

"Obita, wakirudi, hujui kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Alikata. Vera alikuwa wa kwanza kusema. "Tufanye nini? Twende gatini Nakiwogo? Feri ya leo bado?"

"Bado. Utakaa hapa na Habuba. Mimi nitakwenda."

"Mimi ndiye niliyezungumza na ile nyumba ya wageni, mzee. Ningemwacha tukae Kabalagala..."

"Wewe ulipanga likizo. Kosa si hilo."

Simu ikatetemeka mkononi mwake kabla hajaitia mfukoni. Jina la anayepiga lilitokea kwenye kioo, maana asubuhi Vera ndiye aliyeiandika namba ile humo. Husnah.

Sebit alibonyeza, tena akaiacha simu wazi wasikie wote. Alisikia injini ikiungurumia chini, maji yakipiga mbao.

"Kamanda," sauti ya mwanamume ilisema, kwa Kinubi, na ilikuwa na kicheko ndani yake, kicheko kilekile cha barazani. "Rudi nyumbani, Kamanda. Usije huku. Mwambie Habuba nimekula vizuri."

Habuba Maimunah alijishika kifua.

Sebit alikuwa amehoji wezi, wauaji na waongo wenye digrii, na swali lilikuwa halijawahi kumtetemesha ulimi. Alilisogeza taratibu, kama mtu anayefungua skrubu.

"Kama ni wewe, Wahabi, nijibu moja tu. Pale Bombo tulimzika nani?"

Kicheko kilikoma. Simu haikukatika. Injini ilizimwa, ghafla, na katika ukimya ule pumzi ya mtu ilisikika ikiingia na kutoka, ndefu, karibu sana na sikio. Kisha, kwa mbali kidogo, kutoka upande wa pili wa boti, ikasikika sauti ya mwanamke ambaye hadi dakika ile alikuwa na furaha.

"Mjibu," Husnah alisema. "Walimzika nani?"